Kimpumu na Aliye Tumboni

Mjukuu wangu, kaa hapa. Haya nilimwambia mama yako, nikawaambia na shangazi zako, na nimechoka. Lakini mimba haingoji bibi apumzike.

Huku Ufipa, mkoani Rukwa, tunavuna. Mahindi na maharage yetu yanapakiwa kwenye malori kwenda kulisha wengine. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 30 katika kila 100. Sisemi yote ni pombe. Kuna ugali mtupu, kuna kuhara, kuna mama anayelima mpaka siku ya uchungu. Ila pombe unaweza kuiacha leo.

Unanijibu kwamba kimpumu, pombe yetu, ni ulezi, na ulezi ni chakula. Upike uji, nitakuunga mkono. Lakini ulezi ukishachachuka ukawa pombe, nawe ukanywa, kileo kinaingia kwenye damu yako, kinavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa kiasi kinachokaribia chako, na ini lake changa halikiwezi. Mishipa ya kondo na ya kitovu hubana, hewa ikapungua. Protini, zinki na folati ulizokula kwenye maharage humfikia kwa shida. Basi wewe umeshiba, yeye ana njaa. Huweza kuzaliwa na uzito mdogo na kichwa kidogo, na ubongo ulioumia tumboni hata uji wa lishe hauurudishi. Mfaransa Paul Lemoine aliyaandika haya mwaka 1968. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa jina. Huku kwetu, kwa sifa za uchawi tulizo nazo, wapo waliomtafuta mchawi.

Kidogo tu? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, usijitese, acha sasa. Wiki zilizobaki bado zina faida. Ukiacha ukaanza kutetemeka, wahi kliniki, mwambie muuguzi bila kuficha. Vidonge vya madini chuma na foliki vimeze kwa maji.

Kupika ya kuuza, kama ada ya wadogo zako haina njia nyingine, pika. Kuonja aonje mumeo, yeye hana mimba.