Mgeni, Jembe na Mpaka

Hapana mtoto aliyeulizwa, kabla ya kuzaliwa, angependa kuzaliwa upande upi wa mpaka. Hata hivyo upande huo ndio unaoamua shule atakayosoma, dawa atakayopata, na pengine miaka atakayoishi. Mwaka 1987 mwanafalsafa Joseph Carens aliufananisha uraia wa nchi tajiri na ukabaila wa zamani: cheo ambacho mtu hukirithi kwa kuzaliwa, wala si kwa juhudi yake. Ikiwa twaukataa ukabaila, yafaa tujiulize kwa nini twaukubali urithi huu.

Wako wajibuo kwamba mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Jibu hili si la kupuuzwa. Shule na zahanati hazipanuki kwa siku moja, na watu waliojenga pamoja wana wajibu wao kwa wao. Lakini nyumba hujengwa na mwenyewe. Mipaka yetu mingi ilichorwa na wengine. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba hadi ziwa Viktoria, bila ya kuwauliza Wadigo wala Wamaasai waliogawanywa nao. Mwaka 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuiheshimu mipaka hiyo iliyorithiwa. Twaweza kuiheshimu kwa ajili ya amani, pasipo kuifanya kipimo cha utu.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe." Darasani mara nyingi twaifasiri methali hii kuwa ni hila ya kumfukuza mgeni. Lakini haisemi afukuzwe. Yasema apewe jembe, na apewaye jembe hana budi kuonyeshwa shamba. Sheria nyingi za leo zimeipindua: mgeni hukaa kambini miaka na miaka, na jembe amenyimwa. Tanzania iliwapa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 ardhi ya kulima huko Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Na mwaka 2014 zaidi ya 160,000, wakiwamo watoto waliozaliwa humo, walipewa uraia. Jembe lilitangulia, uraia ukafuata, ijapokuwa baada ya miaka 42.

Basi mwenye nyumba na asimame mlangoni pake. Ila abishaye hodi anastahili kuelezwa sababu, na "hukuzaliwa humu" peke yake si sababu.