Kodi Yote Si Faida

Mtu aliyejenga nyumba ya kupangisha anapopokea kodi mwisho wa mwezi, je, fedha zile zote ni zake, azile apendavyo? Wengi wetu watajibu, "Kwani ni za nani?" Sisi twaona kuwa jawabu hilo lina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iangushayo nyumba zetu na kuwadhulumu wanaokaa ndani yake.

Natutazame hesabu kwanza. Tuchukue nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, kama zilivyo nyingi Mombasa. Tuseme kila chumba ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Basi kwa mwaka ni 360,000, na mwenye nyumba hujiona tajiri. Lakini vyumba viwili vikikaa vitupu miezi miwili, hubaki 340,000. Ushuru wa Serikali, ambao mwaka 2024 ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5, hukatwa katika kodi nzima bila ya kutazama mtu ametumia nini. Kwa kiasi hicho ni 25,500. Hapo fundi hajaitwa bado. Nasi tu watu wa pwani: chumvi hula mabati na misumari, masika hupenya darini, mchwa huila miimo ya milango, na shimo la choo likijaa halingoji mwisho wa mwezi.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hiyo humwonya mwenye nyumba juu ya mali yake. Na je, yule alalaye chini ya ukuta? Katika Sharia, kinachouzwa katika upangaji ni manfaa ya nyumba, na kodi ndiyo thamani yake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kuwa matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Yeye alikuwa mtu wa Sham, kwenye theluji, akaigawa hata hiyo: iliyo juu ya paa ni ya mwenye nyumba kuiondoa, na iliyo uani ni ya mpangaji, pamoja na taka. Basi apokeaye kodi kamili kwa chumba kivujacho amepokea thamani ya kitu asichokitoa.

Twajua watakavyojibu wenye nyumba: wapangaji huchelewa kulipa, na wengine huvunja vioo na kuharibu mifereji. Ni kweli, na alichoharibu mtu kwa uzembe wake ni juu yake kukilipa. Lakini deni la mpangaji mmoja haliwi hoja ya kuwaacha watano wanyeshewe.

Ubaya huu huzidi katika nyumba za urithi. Warithi wanane hugawana kodi hata senti ya mwisho, na kila mmoja humngojea mwenziwe amwite fundi. Ilhali wanazuoni wamesema kuwa hata katika nyumba ya wakfu, mapato huitengeneza nyumba kwanza, kisha ndipo wapewe wenye haki. Walijua kuwa alaye kodi bila ya kutengeneza huila nyumba yenyewe, jiwe baada ya jiwe.

Lipo na jambo la maji na umeme. Nyumba ikiwa na mita moja, hesabu iliyokuja naionyeshwe wote, igawanywe mbele yao. Kuwatoza watu zaidi ya ilivyoandikwa, na huku ukisema ni fedha za maji, ni ghushi, ijapokuwa ni shilingi hamsini.

Rai yetu ni hii. Kabla ya kununua au kujenga, mtu ahesabu gharama hizi zote. Na kila mwezi atenge fungu, japo la kumi, aliweke mbali na matumizi ya nyumbani kwake, wala asilihesabu kuwa ni lake. Akiona lililobaki halimtoshi, ajue kuwa faida aliyoidhani haikuwapo. Kisha ajiulize: je, angeridhi yeye na wanawe kulala katika chumba kile usiku wa mvua? Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali.