Yuko, Yupo, Yumo

Simu iliposhika tena, daktari hakuuliza mgonjwa anaendeleaje, wala alikuwa amefikia wapi katika maelezo yake. Aliuliza neno moja: "Yupo?"

Nikamjibu, "Yupo, daktari. Niko naye hapa."

Miezi saba imepita na bado nalitafakari neno hilo. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Yuko, kama huna hakika ya mahali penyewe. Yupo, kama unaweza kupaonyesha kwa kidole. Yumo, akiwa ndani. Haya tunayajua tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu, na mimi sikuwahi kuyawazia hadi nilipoanza kufanya kazi na daktari ambaye sijawahi kumpa mkono.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja Milima ya Usambara. Ni Msambaa, Mlutheri, mjane, na huu ni mwaka wangu wa 26 kazini. Kila Alhamisi saa nne asubuhi daktari wa magonjwa ya akili hutupigia kutoka mjini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Tunatumia chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua: viti viwili, meza, dirisha linalotazama migomba, na simu ya kituo iliyoegemezwa kwenye chupa ya spiriti. Nina daftari la mistari lenye jina, tarehe, jumla ya alama na siku ya kupigiwa tena. Daktari haanzi na wageni. Anaanza na wale ambao alama zao hazishuki, na wengi wao hajawahi kuwaona hata kwa picha. Ananisikiliza mimi, ananielekeza, nami ninarudi kwao.

Nilipokuwa mtoto, mtu akichanganyikiwa tulisikia maneno mawili: "Atapelekwa Lutindi." Lutindi iko kwenye milima hii hii. Ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliozidi walikwenda Dodoma, hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927. Huduma ilimaanisha mtu kuondolewa kwao. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakakubaliana kwamba matibabu ya msingi yawafikie watu pale wanapoishi na kufanya kazi, na kweli chanjo zilipanda mlimani, dawa za malaria zikapanda, mizani ya watoto ikapanda. Daktari wa akili hakupanda. Sasa sauti yake imefika, nami nauliza kwa moyo wote: kilichofika ni yeye, au ni sauti tu?

Mama ninayemfikiria sitamtaja jina, na mambo mawili matatu nimeyabadili ili asijulikane. Alikuja kwetu mara nne kwa moyo kwenda mbio na kichwa kuwaka moto. Presha nzuri. Malaria hana. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefia Msumbiji alikokwenda kutafuta maisha, akazikwa hukohuko, mama hajaliona kaburi. Mara ya nne nikatoa ile fomu ya sonona. Ina maswali 9, na kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo juu kabisa ni 27. Swali la mwisho linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au amewaza kujidhuru. Ni swali zito kwetu. Kwa sheria yetu kujaribu kujiua bado ni kosa. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Mtu wa kijijini hajui namba za vifungu, lakini polisi anawajua.

Nilimuuliza mlango ukiwa nusu wazi, nje foleni ya kinamama wa chanjo. Akajibu hapana mara tisa. Nikaandika 0. Nilijua si kweli, na nikaandika. Dada yangu ameolewa katika kijiji cha mume wa yule mama. Chochote atakachoniambia mama huyo, anakihesabu kuwa kimeshafika kwa wifi zake. Miaka yote nilidhani ukaribu wangu na watu hawa ndiyo dawa yangu kubwa kuliko zote zilizo kabatini. Siku ile ulikuwa kufuli.

Alhamisi iliyofuata nikamkalisha mbele ya simu. Picha ya daktari ikatokea, akamsalimia vizuri, akaanza. Mama akanigeukia akanong'ona, "Sista, mbona hanitazami?" Nilichukua muda kuelewa. Daktari alikuwa anautazama uso wake kwenye kioo cha simu, lakini kamera iko juu ya kioo, kwa hiyo macho yake yalishukia kifuani. Mama akavuta mtandio. Nikamwomba daktari azime picha, tubaki na sauti. Akazima. Mama akageuza kiti kuelekea migomba, mgongo kwa simu, mgongo kwangu, na akasema yote.

Mume alikuwa amemkataza kijana asiende. Yeye ndiye aliyemshinikiza. Nauli ilitoka kwenye mkopo wa kikoba alioukopa kwa siri, na bado anaulipa. "Mimi ndiye niliyemtuma, daktari. Nilimpakia mwenyewe kwenye gari." Alianza kwa Kiswahili, na kilio kilipomzidi akahamia Kisambaa, nami nikawa namtafsiria daktari kwa sauti ya chini, nikiwa mkalimani wa siri ambayo mimi sikupewa. Kisha akasema kuna kitu amekiweka jikoni, amekiweka tayari.

Hapo simu ikakata.

Sijui kama naweza kueleza ukimya wa chumba kile. Yale maneno aliyatuma mbali, kwa mtu asiyejua ukoo wake, na yalikuwa yamebaki humu ndani na mimi. Kwenye simu ukimya ni hitilafu: mtu anasema haloo, haloo, unanisikia? Msibani kwetu ukimya ni kazi. Tunalala chini kwenye mikeka usiku mzima, na mtu anaweza kukaa hadi alfajiri hajatamka zaidi ya pole. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na nimesikia mahubiri mengi yakiwalaumu kwa waliyoyasema baadaye, machache sana yakiwasifu kwa zile siku saba. Nilisogeza kiti changu hadi kikagusana na chake. Sikusema kitu. Hata pole sikusema, maana nilihisi pole yangu ingemkumbusha kwamba nimesikia. Tulikaa hivyo labda dakika nne, yeye akitazama migomba, mimi nikitazama simu. Hapo ndipo iliposhika na daktari akauliza, "Yupo?"

Aliniambia nisimwache. Akaongea naye tena, polepole, akamuuliza swali la tisa waziwazi, na safari hii lilijibiwa. Tukakubaliana watatu kwamba kile kitu kitoke nyumbani siku hiyo hiyo, na kwamba daktari atampigia kesho yake asubuhi bila kungoja Alhamisi. Nikampa mwenzangu funguo za dirisha la dawa, tukapanda mlima mimi na mama, saa nzima na zaidi. Jikoni aliingia peke yake. Alitoka na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, akakiweka mikononi mwangu bila kukitazama. Nilishuka nacho kwenye kikapu, chini ya maharage aliyonipa ili majirani waone nilifuata maharage.

Daktari, pamoja na elimu yake yote, asingeweza kukibeba kikapu kile. Nami, kwa miguu yangu hii na miaka 26 ya kujuana, nisingeweza kuufungua mdomo wa mama yule.

Tabibu mwenzangu, Mkatoliki wa kweli ambaye haniachi nipite na wazo bovu, alinipinga jioni ile. Kanisa lao lilitamka wazi mwaka 2002, katika waraka wa Vatikani kuhusu intaneti, kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Kama toba haiwezi kupita kwenye simu, akauliza, vipi roho iliyopondeka itibiwe kwa simu? Ni pingamizi la haki na nimelala nalo siku nyingi. Nakubaliana naye kwamba mkate haupiti hewani. Lakini nilimkumbusha kile kiti cha maungamo pale parokiani kwao, chenye ukuta mwembamba wenye matundu kati ya padri na mwenye kuungama. Katika karne ya 16 Carlo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, aliweka kizuizi cha namna hiyo kati yao. Padri na muumini wanatengwa kusudi, ili neno gumu lipate pa kupitia. Wao wenyewe wanajua kwamba kuna umbali ambao ni stara. Alicheka kidogo, hakukubali yote, na sikutaka akubali yote.

Mama alikuwa na jibu lake, na lilinishinda mimi na tabibu. Tukiwa njiani kupanda nilimuuliza kama hakuona vigumu kusema na mtu asiyemwona. Alisimama akavuta pumzi. Akasema mwanawe aliposwaliwa hapa kijijini, maiti haikuwapo. Shehe aliwaeleza kwamba Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina na mwenzake amefia mbali. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa upande wetu, yanaikubali swala hiyo ya ghaibu. "Nilimwombea mwanangu naye yuko mbali, na najua ilimfika," akasema. "Sasa Sista, maneno ya daktari yatashindwa nini kunifika mimi?" Mtu anayeswali mara tano kwa siku ana mazoezi makubwa ya kusema na asiyeonekana. Kilichomsumbua ni uso unaoonekana lakini haumtazami.

Kwa upande wangu nimerudi kwenye Mathayo sura ya 8. Pale mwanzoni Yesu anamgusa mwenye ukoma kwa mkono wake, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Mistari michache mbele anamponya mtumishi wa akida wa Kapernaumu bila kufika kwake, kwa neno tu, tena kwa sababu akida mwenyewe anasema Bwana asijisumbue kuingia. Ni sura moja, na mkono na neno havishindani. Nimeisoma tangu kipaimara. Sasa nauliza jambo ambalo Injili haisemi: wakati neno linasafiri, nani alikuwa amekaa kando ya kitanda cha yule mtumishi? Lazima alikuwepo mtu wa kumnywesha maji na kuona anapata nafuu. Mtu huyo hakutajwa, na mimi namjua kama ninavyowajua wauguzi wenzangu.

Kuna habari ya padri wa Kianglikana, Chad Varah, ambayo hunipa nguvu. Mwaka 1935, akiwa bado mgeni katika huduma, alimzika binti wa miaka 14 aliyejiua baada ya kuingia mwezini, kwa kuwa alidhani ana ugonjwa wa aibu na hakuwa na wa kumuuliza. Mwaka 1953 akafungua laini ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, kwa waliokata tamaa. Watu walipiga, wengine wakaja wenyewe wakamngoja, na pale walipomngojea kulikuwa na watu wa kujitolea wakiwapa chai na kuwasikiliza. Baada ya muda aligundua kwamba baadhi yao, wakishakunywa chai na kusikilizwa, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Walichokuwa wamekifuata walikuwa wamekipata kwenye benchi.

Kwa hiyo nilipofika na fikra zangu ni hapa. Daktari yuko, hilo simu inaweza. Anakuwa yupo pale anapotimiza saa aliyoahidi, na pale anapobaki mtu wa kuyashika maneno yake simu ikishazimwa. Simu bila mtu huyo naiogopa, na nimesikia mipango inayotaka kutuondoa chumbani ili kupunguza gharama. Napinga kwa nguvu zote. Na yumo, kuwa ndani kabisa ya uchungu wa mwingine, hapo sidai kwa ajili ya daktari wala yangu. Nafasi hiyo naamini ina mwenyewe.

Daktari alipiga kesho yake saa mbili kasoro. Akapiga na Alhamisi, na Alhamisi nyingine. Alama kwenye daftari zilianza na 21, za kweli sasa, zikaja 17, zikapanda tena 19 mwezi wa mavuno ambao kijana alizaliwa, zikashuka 12.

Wiki iliyopita alifika mapema, shikamoo Sista, marahaba mwanangu, akaketi. Simu ilipoita nilinyoosha mkono kuipokea kama kawaida. Akaniwahi. "Niachie leo," akasema. "Wewe kaa hapo mlangoni."

Nikatoka, nikaufunga mlango wote, nikaketi kwenye benchi la kinamama wa chanjo. Mvua ilikuwa inaanza kupiga bati. Niliisikia sauti yake kwa ndani, maneno sikuyasikia, na mama mmoja mwenye mtoto aliponisogelea kuuliza kama sista yupo, nikamwambia nipo, asubiri kidogo.