Aliye Chini ya Bomu

Mwishoni mwa Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimeshahamia ndani ya Uganda, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliruka hadi Mwanza. Muammar Gaddafi alikuwa akimsaidia Idi Amin, na shabaha ilikuwa bohari ya mafuta ya mjini. Mabomu yakaikosa bohari, yakaukosa na mji wenyewe, yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho wakati ule kilikuwa pori la akiba. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo na swala kadhaa wakafa. Ndege za Tanzania nazo zikajibu kwa kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Katika gemu, rubani yule angepata sifuri, basi. Aliyekosa bohari haandikiwi pointi, na swala hawamo kwenye ramani.

Gemu za kurusha ndege za vita zina wapenzi wengi duniani. IL-2 Sturmovik ilitoka mwaka 2001, War Thunder ikafuata mwaka 2012, na wachezaji wa nchi mbalimbali hukutana humo kwa njia ya intaneti. Wengi hupenda ndege nyepesi za kukimbizana. Wachache huchagua zile nzito za mabomu, na kazi yao ni ya subira. Mchezaji hupanda polepole hadi mita 4,000, huinyoosha ndege, huingiza kasi, kimo na upepo kwenye kioo cha kulengea, kisha hutulia. Bomu likiachiwa kutoka kimo hicho huchukua karibu nusu dakika kufika chini, na kama ndege inakwenda kilomita 400 kwa saa, bomu husonga mbele karibu kilomita 3 kabla ya kutua. Kwa hiyo huachiwa shabaha ikiwa bado iko mbali. Baadaye huonekana kivumbi cha kijivu kisichozidi ukucha, na namba hupanda pembeni mwa skrini.

Je, ni dhambi?

Jibu la haraka ni kwamba gemu za vita hufundisha ukatili au hupoteza muda. Hoja ya muda haihitaji ndege. Bao na mpira navyo hula jioni nzima. Hoja ya ukatili ina uzito zaidi, lakini inampiga asiyekuwepo. Mrusha mabomu wa kwenye skrini hana hata nafasi ya kuwa katili, kwa sababu ukatili unataka uso wa mtu, na yeye haoni uso wowote. Akihojiwa kwa kipimo cha nia, ambacho Imamu Bukhari alikiweka mwanzoni kabisa mwa mkusanyiko wake wa hadithi, atajibu kwamba nia yake ni kucheza. Akihojiwa kwa Mahubiri ya Mlimani, ambamo hasira ya moyoni inawekwa kwenye mizani moja na uuaji, atasema hana hasira na mtu. Majibu yote mawili ni ya kweli.

Inabaki hoja ya mazoea. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alisimulia katika Maungamo habari za rafiki yake Alypius. Wenzake walimvuta hadi kwenye uwanja wa Roma walikouana wapiganaji, naye akakaa amefumba macho asishiriki. Umati ukapiga ukelele, akafumbua, na tangu hapo akanaswa na damu aliyoiona. Kwa Augustino mtego ulikuwa kutazama. Gemu ya mabomu inaleta mtego wa upande wa pili, nao hauna mahubiri mengi: kuzoea kutotazama.

Pale Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, bonde linalojulikana zaidi kwa malori ya vitunguu, kuna watu wanaolijua suala la kulenga kuliko mchezaji yeyote. Wahunzi wa Kidatoga, wa ukoo wa Gidang'odiga, hufua misumari na vyuma chakavu hadi viwe vichwa vya mishale, na Wahadzabe, wawindaji wa bonde hilo, huvipata kwa kubadilishana na vitu kama asali na nyama. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa kiupinde akiwa mdogo sana, na kulenga ndio mchezo wake. Akikua na kumpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, kazi ndiyo kwanza imeanza. Hurudi kambini, huiacha sumu ifanye kazi, kisha hutoka na wenzake kufuata matone ya damu, pengine hadi kesho yake. Ni lazima amfikie aliyempiga, maana asipomfikia hakuna nyama. Hapa hakuna haja ya kumfanya mwindaji kuwa mtakatifu. Njaa yenyewe humlazimisha aone mwisho wa mshale wake.

Wahadzabe wana mchezo mwingine pia. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kuhusu lukuchuko, kamari ya kurusha vipande vya magome kwenye shina la mti. Aliona wanaume wakitumia muda mwingi zaidi kwenye kamari hiyo kuliko kuwinda, wakiwekeana dau mishale ya chuma, visu na shanga. Lakini upinde, mishale ya kupigia ndege na mfuko wa ngozi havikuwekwa dau. Mtu aliweza kuliwa kila kitu akaondoka angali na uwezo wa kujitafutia chakula. Mchezo wenyewe ulijua pa kukomea.

Gemu za mabomu nazo zina mpaka wake: ramani zina nyumba, barabara na reli, ila kwa kawaida hazina wakazi. Mtetezi wake atasema hiyo ni huruma, kwa kuwa hauawi mtu hata wa kuchorwa. Hoja hiyo haitoshi. Penye mji usio na watu, bomu lililokosa shabaha halijamkosea yeyote, na hapo ndipo gemu inapodanganya, kwa sababu historia ya ndege za mabomu ni historia ya kukosa. Agosti 1941 ripoti iliyoandaliwa na D. M. Butt kutokana na picha za angani iliionyesha serikali ya Uingereza kwamba, kati ya ndege zilizodai kupiga shabaha, ni theluthi moja tu zilizofika ndani ya kilomita 8 za shabaha hiyo. Februari 1942 likatoka agizo la kulenga miji na ari ya wafanyakazi wa viwandani. Yaani shabaha ndogo ilipokataa kupigika, ilipanuliwa mpaka ikawa mji mzima.

Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alipoliaga jeshi lililokuwa likienda Sham, aliwakataza askari kuua wanawake, watoto na wazee, kukata miti ya matunda, hata kuchinja mifugo isipokuwa kwa chakula. Kwa wasia huo, swala wa Saanane wanahesabika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, mwaka 1965, ulilaani tendo la kivita la kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake.

Waliorusha mabomu hawakuwa salama pia. Kamandi ya Mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 katika Vita vya Pili vya Dunia. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, mwongoza njia wa ndege, alitunguliwa Novemba 1943, akashuka kwa parachuti katika nchi ileile waliyokuwa wakiipiga, akakaa mfungwa hadi 1945. Kwenye gemu, aliyetunguliwa hubonyeza kitufe akapewa ndege nyingine. Tena ndege halisi ya mabomu aina ya B-17 ilikuwa na watu kumi. Mchezaji huruka peke yake kutoka kiti hadi kiti, na hana mwenzake ndani ya ndege wa kumuuliza chochote.

Haifai kumtwika mchezaji peke yake lawama hii. Msomaji wa magazeti naye husoma kwamba malengo kadhaa yamepigwa, akageuza ukurasa.

Mwaka 2014 kampuni moja ya Poland ilitoa gemu iitwayo This War of Mine, iliyochota kutoka mji wa Sarajevo uliozingirwa kuanzia 1992 hadi 1996. Humo mchezaji ni raia: mchana anatengeneza jiko na kitanda, usiku anatoka kutafuta dawa na chakula, na huenda akamwibia mzee asiye na msaada. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza katika orodha ya shule ya kazi za kusomwa. Katekista au ustadhi anayetaka kuzungumza na vijana wa Barazani, kulekule Mang'ola, kuhusu jambo hili angeanza vyema kwa kuwaacha wacheze zote mbili, ya mrusha mabomu na ya raia, kisha awaulize ni wapi kidole kilisita.