Hesabu Iliyokubali kwa Laki Tatu

Nilikuwa Kilombero, jijini Arusha, nasubiri kifodi cha Ngaramtoni, nikasikia sauti nyuma yangu: "Shikamoo, mwalimu." Nilipogeuka nilimtambua papo hapo. Miaka sita nyuma alikaa dawati la mbele, kidato cha tatu, na kwenye mada ya fankisheni darasa zima halikuwa na wa kumfikia. Nikamuuliza habari za kazi, maana nilishasikia ameajiriwa kwenye ofisi ya kusafirisha watalii. Akatazama chini.

"Nimeachishwa, mwalimu. Wanasema nimeiba."

Kifodi kikaja, kikajaa, kikaondoka. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, akatoa daftari kwenye begi na kunionyesha hesabu zake zote. Nilizisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mstari nilioufikia niliuona mkono wangu mwenyewe.

Ofisi ile haikuwa na magari. Ilikodi kwa watu. Mwenye gari anataja bei yake ya safari, ofisi inaongeza shilingi 50,000 za chakula na malazi ya dereva, kisha juu ya jumla hiyo inaweka asilimia 20, ndiyo riziki yake. Mteja analipa kinachotoka. Mwisho wa mwezi kijana wangu alipewa kitabu cha malipo chenye kitu kimoja tu, fedha aliyolipa mteja, naye atafute mwenye gari anastahili ngapi. Aliyepitia kidato cha tatu ataona hapo ni nini kinatakiwa. Kuna fankisheni inayotoka kwenye bei ya mwenye gari kwenda kwenye malipo ya mteja, na kijana alitakiwa kutafuta kinyume chake.

Alifanya hivi: akatoa 50,000, kisha katika kilichobaki akapunguza asilimia 20. Kwa kuwa ni mtu makini, alijaribu kwanza. Alichukua safari ya siku moja ya kwenda maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Bei ya mwenye gari 200,000, ukiongeza 50,000 ni 250,000, ukiongeza asilimia 20 mteja analipa 300,000. Akarudi nyuma: 300,000 toa 50,000 ni 250,000, asilimia 20 yake ni 50,000, inabaki 200,000. Imekubali! Bosi naye akaipiga kwa kikokotoo, ikakubali. Msimu ukaanza.

Sasa chukua safari ndefu, ya Tarangire na Ngorongoro. Mzee mmoja wa Tengeru alikodisha gari lake kwa 950,000. Ukiongeza 50,000 ni milioni moja, ukiongeza asilimia 20 mteja analipa 1,200,000. Kijana akarudi nyuma kwa njia yake: 1,150,000, punguza 230,000, mzee akapokea 920,000. Amepunjwa 30,000. Safari za namna hiyo zilikuwa 14 msimu ule, na mzee ana daftari lake ambalo halali bila kuliandika. Msimu ulipoisha akaja ofisini na mapunjo ya 420,000 yameorodheshwa kwa tarehe. Fedha zilikuwa zimeshatumika kwenye matengenezo na kodi ya pango. Mzee akaondoa gari lake, akaondoka na wenzake wawili, na bosi akahitaji mtu wa kubeba lawama.

Lililoniuma zaidi ni ile laki tatu. Kijana alikuwa na makosa mawili, si moja. La kwanza, kuongeza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.2, kwa hiyo kurudi ni kugawanya kwa 1.2, wala si kupunguza asilimia 20 ya kiasi kikubwa zaidi. La pili, alianza kufuta hatua ya kwanza wakati ilipaswa kufutwa mwisho. Kosa la asilimia lilimpunja mzee sehemu moja ya thelathini ya malipo ya mteja. Kosa la mpangilio lilimwongezea 10,000 kila safari, iwe fupi au ndefu. Kwenye 300,000, sehemu ya thelathini ni 10,000 kamili, yakafutana. Kwenye 1,200,000 ni 40,000, na ile 10,000 ya upande wa pili haikutosha kuziba. Katika namba zote ambazo angeweza kuchagua kujaribia, alichagua ile moja inayoficha.

Ni nani aliyemfundisha kujaribu kwa namba moja? Ni mimi. Ubaoni niliandika kanuni: badilisha x na y, tafuta y, jaribu kwa namba moja, weka vema. Na kwa wale waliokuwa wazito nilikuwa na njia ya mkato niliyojivunia, "geuza alama": jumlisha inakuwa toa, zidisha inakuwa gawanya. Waliipenda. Walipata maksi. Kwenye f(x) = 2x + 3 kanuni ya x na y haikosei, kwa sababu inakubeba mgongoni na hujui umepita wapi. Ila ofisini hakuna x wala y. Kuna kitabu cha malipo. Kijana alipofika kwenye kitabu kile kanuni ilimwacha mlangoni, akabaki na "geuza alama" peke yake, na ongeza asilimia 20 ikawa punguza asilimia 20.

Sisemi hivi kujitetea, lakini mwalimu mwenzangu aelewe tunavyoangukia hapo. Katika muhtasari wa mwaka 2005, kinyume cha fankisheni kilikuwa kidato cha tatu, na kuunganisha fankisheni mbili kukasubiri Hisabati ya juu ya kidato cha tano. Nikaona kuunganisha si kazi yangu. Lakini hata 2x + 3 ni fankisheni mbili zilizoshikana: zidisha kwa mbili, halafu jumlisha tatu. Asiyeona hatua mbili atajuaje ipi ianze kufutwa? Na wengi wa watoto wetu hawafiki kidato cha tano. Miaka ya 2020 hadi 2022 waliofaulu Hisabati kwenye mtihani wa kidato cha nne walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ukiwa na darasa la watoto sabini na takwimu hiyo ukutani, kanuni ya mkato inaonekana kama huruma.

Ongeza lugha. Mtoto ametoka shule ya msingi akihesabu kwa Kiswahili, sekondari anakutana na alama ya f yenye −1 juu yake na maelezo ya Kiingereza. Kidato cha pili tulimwambia −1 juu ya namba maana yake ni moja kugawanya kwa namba hiyo. Sasa tunamwambia hapana, hapa maana yake ni kurudi. Wengine huandika moja kugawanya kwa f(x), nami kwa miaka niliwakata kwa wino mwekundu bila kuwaambia kwamba sisi ndio tulioitumia alama moja kwa mambo mawili.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Tengeru na kijana, siku ya soko. Mzee alitukaribisha kwa maziwa ya mgando. Niliandika hesabu kwenye daftari lake mwenyewe kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nikamwambia kosa limeanzia darasani kwangu. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Na ile safari ya Momella?"

"Ile ilikuwa sawa, mzee," kijana akajibu.

"Niliona. Ndiyo maana nilijua ni wizi. Mtu akikulipa sawasawa kwenye kidogo, akakupunguzia kwenye kikubwa, utasema nini?" Akamtazama kwa muda mrefu. "Sasa nimeelewa, mwanangu. Lakini gari liko kwa mtu mwingine, na nimeshampa neno langu."

Aliagana nasi vizuri. Kazi haikurudi.

Siku hizi mada hii naianzia dirishani, maana asubuhi ya anga safi Mlima Meru unaonekana wote. Ninauliza mpandaji anapitia wapi. Daima yupo mtoto mwenye kaka au mjomba mpagazi, naye anataja: lango la Momella, kibanda cha Miriakamba kwenye mita 2,514, kibanda cha Saddle kwenye mita 3,570, kileleni mita 4,562. Anaposhuka anaanza kupita wapi? Wanacheka kwa wepesi wa swali. Saddle! Hapo ndipo ninapoandika hatua mbili za ofisi ile, bila kuitaja, na kuwaomba washuke. Kujaribu wanajaribu kwa namba tatu, mojawapo kubwa, na asiyepata anasimulia alipita njia gani kabla sijamwonyesha kitu.

Mwaka huu msichana mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, ukinipa saa, nakwambia mpandaji yuko mita ngapi. Ukinipa mita 3,570, nikwambie ni saa ngapi?" Nikamwomba aje ubaoni. Akachora safari nzima, kupanda na kushuka, akapitisha mstari wa mlalo kwenye Saddle. Ukakata mchoro mara mbili. Akasimama na chaki mkononi akisema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe: "Hairudi. Labda uniambie kwanza anapanda au anashuka." Kitabuni hilo lilikuwa kurasa tano mbele, nami nilikuwa nimezoea kulisoma kama sharti la kukariri.