Dalili Kabla ya Mazoea

Sifa zote zinamthubutukia Mwenyezi Mungu, Muumba wa kikubwa na kidogo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila kilicho hai kimeumbwa kwa seli, nazo ni ndogo hata nyingi hazionekani kwa macho matupu. Ndani yake mna kazi zisizokoma za kukata, kuunga na kujenga, na viendeshavyo kazi hizo huitwa vimeng'enya. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, James Sumner, alithubutisha kuwa kimeng'enya alichokichunguza ni protini. Baadaye ikawa kaida ya wataalamu kuwa kila kimeng'enya ni protini. Ama RNA, hiyo ilihesabiwa kuwa ni tarishi tu, mchukuzi wa maagizo.

Sidney Altman, wa Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa akichunguza kimeng'enya cha bakteria kiitwacho RNase P. Kazi yake ni kukata kipande kilichozidi mwanzoni mwa zile RNA ndogo zipelekazo vipande vya kujengea protini. Chenyewe kimeundwa kwa RNA na protini pamoja, na karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni RNA. Mwaka 1978 yeye na wenziwe walionyesha kuwa RNA hiyo ikiharibiwa, kazi husimama. Mwaka 1982 Thomas Cech akatangaza kuwa RNA ya kiumbe kimoja cha seli moja hujikata na kujiunga yenyewe. Mwaka 1983 Altman na wenziwe wakadhihirisha kuwa RNA ya RNase P, ikipata magnesi ya kutosha, hukata peke yake bila ya protini. Wawili hao wakatunukiwa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989.

Zingatieni, ndugu zangu. Kaida ya miaka mingi ilivunjwa kwa dalili, pasina matusi wala kelele, na wenye elimu hawakuona haya kuirejea haki. Wala protini haikutupwa: vimeng'enya vilivyo vingi ni protini mpaka leo, na ndani ya bakteria aliye hai RNase P huihitaji protini yake. Lililosahihi katika kauli ya zamani lilibaki, na lililozidi likaondolewa.

Je, sisi katika dini yetu? Mtu akiambiwa kuwa si halali kulisha watu matangani kwa mali ya mayatima, hujibu: "Wazee wetu ndivyo walivyofanya." Qur'ani imewalaumu waliojitetea kwa mwendo wa baba zao. Na dalili tunayo: alipouawa Jaafar bin Abi Talib, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapelekewe chakula. Leo wafiwa ndio wapikao, na huenda wakakopa.

Na wewe utakaye kutengeneza, usije na matusi. Lete dalili, kisha subiri. Wazee wetu tuwaheshimu na mema yao tuyashike, lakini yatima asidhulumiwe kwa jina lao. Ukipatikana msiba mtaani, tuwapikie wafiwa, na mali ya marehemu tuwaachie warithi wake.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.