Je, Uongozi Hujifunzwa kwa Masikio?

Swali lililoletwa mbele ya darasa letu hapa Mokowe ni hili: vijana wetu wengi husikiliza katika simu zao mazungumzo yafundishayo uongozi, yale yaitwayo podikasti, je, mtu aweza kuwa kiongozi kwa kusikiliza? Wako waliojibu upesi kwamba huo ni upuuzi na kupoteza wakati. Wako na waliojibu kwamba hicho ndicho chuo kikuu cha maskini, na asiyekiingia ataachwa nyuma. Twaona kwamba majibu yote mawili yametolewa kwa haraka, na swali lenyewe lastahili kupimwa.

Yatupasa kwanza tukijue kitu chenyewe. Podikasti ni mazungumzo au mafundisho yaliyorikodiwa na kuwekwa katika intaneti, mtu akayachukua katika simu yake na kuyasikiliza wakati autakao. Jina hilo lilizuka mwaka 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza. Ama jambo lenyewe si geni kwetu kama jina lake. Watu wa pwani hii wamezoea tangu zamani kupokea ilmu kwa sikio. Mwaka 1954 redio ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mwaka 1957 BBC ya London ikafuata, na redio moja ikawa yasikilizwa na baraza nzima. Kisha zikaja kaseti za mawaidha zikapita mkono kwa mkono. Kila chombo kilipokuja walikuwako waliokiogopa na waliokitukuza kupita kiasi. Nacho chombo peke yake hakina dhambi wala thawabu. Hukumu yake ni hukumu ya kile kinachotendwa nacho.

Wala faida yake haifichiki. Mvuvi atengenezaye nyavu zake mikono yake ina kazi, lakini sikio lake li huru. Mama aliye jikoni, ambaye hakupata nafasi ya kukaa darasani, aweza leo kumsikia mwalimu aliye Nairobi au Kuala Lumpur. Kijana angojaye mashua gatini ili avuke kwenda Amu aweza kuitumia nusu saa yake kwa jambo bora kuliko porojo. Mwenye kuyakataza haya yote amekataza kheri pamoja na shari.

Lakini hapa ndipo panapohitaji mazingatio. Ilmu ya kusikia ina sehemu mbili, nasi twaelekea kuishika moja na kuiacha ya pili. Wanazuoni wa hadithi walipozipanga njia za kupokea ilmu, walianza na samaa, yaani mwalimu husema na mwanafunzi husikia. Kisha wakaitaja njia ambayo mwanafunzi humsomea mwalimu, na mwalimu ndiye asikilizaye. Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, ajulikana kwa kuipenda njia hii ya pili: wanafunzi wakimsomea Muwatta, naye akisikiliza. Faida yake ni dhahiri. Mwanafunzi akikosea hurudishwa. Akielewa kombo hunyooshwa. Basi ilmu haikuwa sauti itokayo juu kushuka chini peke yake, bali mwalimu naye alikuwa na sikio.

Sauti iliyo katika simu haina sikio. Ukiielewa vibaya haitakwambia, "La, sivyo." Ukiwa dhalimu nyumbani kwako haitajua. Hukusifu bila kukujua, hukuita kiongozi kabla hujaongoza mtu hata mmoja, na ikianza kukuchoma waweza kuizima ukatafuta nyingine ikupendezayo. Kwa hiyo mtu aweza kusikiliza mafundisho mia juu ya subira, akahisi kwamba amekuwa mwenye subira, na hali mkewe na wanawe wamjua kuwa ni mwepesi wa hasira kama alivyokuwa jana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika risala mashuhuri kumjibu mwanafunzi wake aliyekwisha kukusanya ilmu nyingi, kisha akauliza ni ipi katika hizo itakayomfaa. Swali la mwanafunzi yule ndilo linalotukabili sisi leo, tena kwa nguvu zaidi, kwani ilmu ya kusikia imekuwa rahisi kuliko wakati wowote.

Tena, jambo hili lina uzito zaidi katika uongozi kuliko katika ilmu nyingine. Mtu aweza kujifunza historia au hesabu akiwa peke yake. Ama kuongoza ni kuongoza watu, na hao watu wana maneno. Nahodha apitaye mahali penye mafungu hukaa tezi, naye haoni yaliyo mbele ya chombo kama aonavyo baharia aliye omo. Akiwa amesoma vitabu vyote vya bahari na asimsikie baharia yule, chombo kitapanda fungu. Mwaka wa tano wa Hijra, yaani mwaka 627, Madina ilipokabiliwa na jeshi kubwa, shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman Al-Farsi, mtu wa kuja, aliyekuwa mtumwa kabla ya hapo. Shauri lake lilikubaliwa, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akashika kazi ya kuchimba pamoja na watu. Huko ndiko kusikiliza kwa kiongozi: kulisikia neno la aliye chini yako, kulipima, na likiwa la haki kulifuata.

Tuna na mfano ulio karibu zaidi na milango yetu. Mwezi wa Machi 2012 liliwekwa jiwe la msingi la Bandari ya Lamu, upande huu wetu wa bara. Wavuvi walisema kwamba bahari wanayoitegemea itaharibiwa, na kwamba hawakuulizwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwezi wa Juni 2019 baraza la kitaifa liamualo kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwisha kuuweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala.

Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Hatudhani kwamba waliopanga kazi zile walikosa elimu ya uongozi. Bila shaka walikuwamo wenye shahada na wenye kuhudhuria semina. Walichokosa ni sikio. Na mvuvi ambaye pengine hajapata kusikia somo hata moja juu ya uongozi alijua jambo ambalo wao hawakulijua, yaani samaki huzalia wapi na mashua hupita wapi. Kutomsikia kuliwagharimu miaka mahakamani, na kulimgharimu yeye riziki yake.

Wala tusiwalaumu wakubwa wa mbali peke yao. Tuangalie kamati zetu wenyewe: za misikiti, za madrasa, za maji, na za BMU zisimamiazo fuo za wavuvi. Ni mara ngapi mkutano huitwa ili watu waambiwe, si ili waulizwe? Ni mara ngapi kijana husimama na neno la maana akaambiwa akae kwa kuwa ni mdogo, na mwanamke hafikishiwi hata habari ya mkutano? Wazee wetu walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na walisema kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika, na avunjikapo yeye huvunjika wengi pamoja naye.

Kwa hiyo hatumwambii kijana atupe simu yake. Twamwambia ashike masharti matatu.

La kwanza, asisikilize peke yake daima. Wakae watatu au wanne, wasikilize kipande, wakisimamishe, kisha kila mmoja aseme alichofahamu na asichokubali. Hivyo ndivyo baraza lilivyofanya mbele ya redio, na mabishano ya baada ya redio yalikuwa nusu ya faida yake. Kisikilizio cha sikioni kimeturahisishia kusikia, lakini kimetunyima wa kutukosoa.

La pili, apime asikiayo kwa mizani ya mahali petu. Mengi katika mafundisho hayo yametungwa kwa ajili ya wakuu wa makampuni ya Marekani na Ulaya, wenye uwezo wa kuajiri na kufukuza. Mwenyekiti wa madrasa hapa Mokowe hawezi kumfukuza jirani yake. Atakutana naye msikitini, arusini na mazikoni. Uongozi wake wasimama juu ya uaminifu, na uaminifu haupatikani kwa hila za maneno. La kweli alichukue popote litokapo. Lisilomfaa aliache bila kulitukana.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: kila saa anayoisikiliza simu, ailipe kwa saa ya kumsikiliza mtu. Tena asichague wa kumsifu. Amwendee yule alalamikaye, mjane asiyepata zamu yake ya maji, au mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa; amsikilize mpaka amalize, asimkatize kwa yale aliyofundishwa na simu. Kisha atende moja katika aliyoyasikia kabla ya kufungua somo jipya. Akiona uzito katika hilo na hali asikiliza simu kwa raha, basi ajue kwamba bado hajaanza.

Jibu letu kwa swali lililoulizwa, basi, ni hili: naam, uongozi hujifunzwa kwa masikio. Lakini sauti ya mwalimu aliye mbali yaweza tu kumwonyesha mtu mlango. Watakaomfundisha kuingia ni wale wanaomhitaji, na wengi wao hawana chombo cha kurikodia sauti zao, wala hawajui kusema kwa ufasaha. Mji wetu wakua, barabara na bandari zaja na mambo mapya, na watakaoketi katika mabaraza ya kesho ni hawa vijana wenye visikilizio masikioni leo. Tukiwalea wawe wajuzi wa kusema juu ya uongozi na wagumu wa kusikia, tutakuwa tumebadilisha watu tu, na dhuluma imebaki ile ile.

Wabillahi taufiki.